UZI: Kutoa kwa kukopa. Mtoto akiandika 52 − 28 = 36 anakosea wapi, na anatolewaje hapo?

#1 Mwl_Mafungu (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni. Naomba uzi huu tuubane kwenye jambo moja tu la hesabu za Darasa la Pili na la Tatu: kutoa kwa kukopa. Mtoto akipita hapo bila kuelewa, huko mbele kugawanya kwa njia ndefu kutamgomea, maana kila hatua ina kutoa ndani yake. Kilo na gramu zitamgomea, saa na dakika pia. Halafu ataambiwa hana kichwa cha hesabu, wakati chanzo cha kosa lake kimeandikwa waziwazi kwenye daftari, ila hakuna aliyekisoma.

Kwa hiyo tuanze kwa kulisoma kosa. Andika ubaoni 52 − 28, usitoe mfano, kila mtoto ajibu peke yake. Jibu ni 24. Mengine utakayokusanya ni haya:

36: kila safu ametoa ndogo kwenye kubwa, bila kujali ipi iko juu. 8 toa 2 ni 6, 5 toa 2 ni 3. Huyu alishaambiwa "kubwa haitoki kwenye ndogo", akaitii kauli hiyo kama ilivyo.

34: amekopa vizuri, 12 toa 8 akapata 4, lakini ile 5 ameiacha ikiwa 5.

30: ameona 2 toa 8 haiwezekani, akaandika 0.

25: utaratibu wote sahihi, amekosea kuhesabu tu. Aliporudi nyuma kutoka 12 aliitaja 12 yenyewe kama hatua ya kwanza.

80: amejumlisha. Hakuangalia alama.

Ukiweka mkasi mwekundu (alama ya X) kwa wote hao na kuwarudishia madaftari, hujamsaidia hata mmoja. Wa 25 anahitaji mazoezi ya kuhesabu kurudi nyuma, hana shida na kukopa. Wa 36 hajajua kwamba 52 ni kitu kimoja. Kwake hizo ni hesabu mbili ndogo zilizosimama jirani.

Tahadhari kwa anayetunga swali la kupima: usitumie 52 − 27. Anayegeuza namba (kama yule wa 36) atapata 35, na anayesahau kupunguza makumi naye atapata 35, hutajua nani ni nani. Inatokea kila mara mamoja yakipishana kwa 5. Chagua yanayopishana kwa 3, 4, 6 au 7.

Kabla ya kukopa, hakikisha mambo matatu. La kwanza, avuke makumi kwa mdomo kwenda mbele na kurudi: 28, 29, 30, 31, kisha 31, 30, 29. Wengi hukwama kwenye "ishirini na tisa" kwa sababu kumi na moja hadi kumi na tisa zinajieleza zenyewe, lakini ishirini, thelathini, arobaini mtoto hawezi kuzibuni kutoka kwenye mbili, tatu na nne. Lazima azikariri kwa mpangilio. La pili, ukimwambia aweke 52 kwa vijiti, aweke mafungu 5 ya kumi kumi na vijiti 2, asiweke vijiti 5 na vijiti 2. La tatu, jozi za kumi zitoke bila kufikiri: 8 na 2, 7 na 3, 6 na 4.

Sasa hatua zenyewe, kwa vijiti:

Weka 52 tu mezani. Ile 28 iandikwe kwenye karatasi, iwe pembeni. Hapa ndipo somo linapoharibika mara nyingi: mwalimu anapanga 52 na 28 zote kwa vijiti, mtoto anaona marundo mawili, anayachanganya na kupata 80. Kinachotolewa kimo ndani ya 52, hakiji kutoka nje.

Waambie watoe vijiti 8. Vilivyo huru ni 2. Uliza, "Vingine tutapata wapi?" Kisha nyamaza. Usijibu wewe. Yupo atakayegusa fungu.

Fungueni fungu moja. Sasa kuna mafungu 4 na vijiti 12. Simama hapo, uliza kama bado ni 52. Wahesabu: kumi, ishirini, thelathini, arobaini, arobaini na moja, mpaka hamsini na mbili. Ukiruka swali hili, umezalisha wale wa 34, kwa sababu hawakuona kwamba fungu limeondoka upande mmoja na kuhamia upande wa pili.

Watoe 8. Wengi watazitoa zote kwenye zile 10 zilizofunguliwa, zibaki 2, waziunge na 2 za mwanzo, wapate 4. Waache. Njia hiyo ni bora kuliko kurudi nyuma kutoka 12 kwa vidole, na ndiyo sababu ya kusisitiza jozi za kumi.

Watoe mafungu 2. Yamebaki mafungu 2 na vijiti 4.

Uandishi uende sambamba na mikono. Fungu likifunguliwa, papo hapo 5 inakatwa inaandikwa 4, na 2 inakuwa 12. Vijiti vikitumika Jumatatu na uandishi ukafundishwa Jumanne, mtoto atayachukua kama masomo mawili yasiyohusiana.

Mpangilio unaofaa: siku tatu vijiti pamoja na uandishi, siku mbili michoro (mstari mmoja ni fungu, nukta ni kijiti), kisha tarakimu peke yake. Na kuanzia siku ya pili changanya na hesabu zisizohitaji kukopa. Usipochanganya, mtoto atakopa popote. Mpe 57 − 23 uone: atakopa, 17 toa 3 ni 14, 4 toa 2 ni 2, ataandika 214.

#2 Chelewa_Tanga

Mwalimu umeliweka vizuri sana. Naongezea upande wa vifaa, maana darasa la watoto 90 huwezi kuliambia "kila mtoto alete vijiti 100" ukategemea somo lifanyike.

Gawa watoto sita sita, makundi 15. Kila kundi vijiti 70 vinatosha kwa namba zote hadi 60 na akiba kidogo. Jumla 1,050. Pwani kuna chelewa za mnazi. Fagio mbili tatu zilizozeeka zinatoa vya kutosha. Bara tumieni mabua membamba au fito za uani. Kata urefu wa kiganja cha mtoto, takriban sentimita 12. Vikiwa vifupi zaidi havifungiki, vikiwa virefu watapigana navyo.

Vya kufungia: mpira wa ndani wa baiskeli uliochakaa, ukatwe vipete vyembamba vya nusu sentimita. Kamba haifai. Mtoto wa miaka saba anatumia dakika tano kufungua fundo, na somo limeishia hapo.

Vizibo vya soda vinasifiwa sana, lakini kwa kazi hii vina kasoro: havifungwi kuwa kumi na kufunguliwa kwa haraka. Vitumieni kuhesabia mamoja, au mvitoboe mvitungie kwenye abakasi. Na abakasi ya kutengeneza mara nyingi ina waya unaobeba shanga 9 tu. Kwa kujumlisha sawa, kwa kutoa kwa kukopa haitoshi. Baada ya kukopa, safu ya mamoja inaweza kufika 18 (ukiwa na 8, unatoa 9). Kwa hiyo waya urefushwe ubebe 18, na penye shanga ya tisa upakwe alama ya rangi ili mtoto ajue kwamba shanga zikivuka hapo ni hali ya muda tu.

Jingine dogo linalosumbua: vichwa vya safu. Mamia, makumi, mamoja, zote zinaanzia "ma". Mwalimu akiandika M juu ya safu mbili, mtoto hajui ipi ni ipi. Andikeni neno zima, au mtumie chaki za rangi na rangi ileile ibaki muhula mzima.

#3 MzaziMakini

Nashukuru kwa bandiko hili. Nina swali. Babu na bibi wengi wanafundisha njia ya "kumi juu, moja chini". Kwa 52 − 28 wanasema 12 toa 8 ni 4, kisha 2 ya chini inakuwa 3, 5 toa 3 ni 2. Jibu linatoka sahihi. Shuleni mtoto anawekewa mkasi. Nani yuko sahihi?

#4 Mwl_Mafungu

Dada, njia hiyo ni sahihi kabisa. Wanachofanya ni kuongeza 10 kwa namba zote mbili: ya juu inaongezwa vijiti kumi, ya chini inaongezwa fungu moja. 52 − 28 imekuwa 62 − 38, na tofauti haibadiliki. Mwalimu anayekosoa jibu hilo anakosea.

Shida inakuja mtoto akizichanganya. Anapunguza 5 kuwa 4 kama alivyofundishwa shuleni, na anaongeza 2 kuwa 3 kama alivyoambiwa nyumbani. Anapata 14. Ukiona majibu yote yamepungua kwa 10 hasa, jua huyo ana walimu wawili. Achague moja mpaka ikae. Nashauri ya shuleni, kwa kuwa ndiyo inayoonekana kwa vijiti. Ya babu haionyesheki kwa vijiti bila maelezo marefu.

Nyumbani msaidieni kwa chenji. Ni kutoa kwa kupanda: kutoka 28 hadi 30 ni 2, hadi 50 ni 20, hadi 52 ni 2. Jumla 24. Muuza duka hakopi popote. Njia hii haigombani na ya shuleni, na mtoto anaitumia kuhakiki jibu lake.

#5 Ticha_GredaTatu

Hamjambo kutoka Kenya. Huku pesa zinafaa sana kama hatua ya kati. Tuna sarafu ya shilingi 1, sarafu ya 10 na noti ya 100, kwa hivyo mamoja, makumi na mamia yako mfukoni tayari. Ondoa sarafu za 5 na 20 na noti za 50 na 200, ubakishe hizo tatu peke yake. Tengeneza za karatasi, ukate pakiti za maziwa au maboksi.

Lakini zije baada ya vijiti. Fungu la vijiti likifunguliwa mtoto anaziona kumi zikitoka ndani. Sarafu ya kumi haifunguki, lazima aiamini na kuibadilisha kwa benki ya darasa. Weka mtoto mmoja kila kundi awe benki, na sheria iwe moja: hutoi sarafu ya kumi kabla hujahesabiwa moja moja kumi mkononi. Baada ya pesa ndipo abakasi, ambako shanga zote zinafanana na nafasi peke yake ndiyo inayoonyesha thamani. Ukianza na abakasi, umeanzia mwisho.

#6 Chelewa_Tanga

Kwa Tanzania mwalimu, moja na kumi hazipo kwenye mzunguko wa kawaida, lakini sarafu ya 100, noti ya 1,000 na noti ya 10,000 zina uwiano uleule wa kumi kumi.

#7 HesabuBara

Hamjagusa sifuri katikati, na huko ndiko Darasa la Tatu linakoangukia. Mfano 402 − 168. Jibu ni 234. Makosa ya kawaida:

144: amekopa kwa mamia akaipeleka moja kwa moja kwenye mamoja, 4 ikawa 3. Kisha makumi yakahitaji, akakopa tena, 3 ikawa 2. Yaani amechukua mia moja, akaitumia kama kumi.

264: amekopa vilevile kwenye mamia kwa ajili ya mamoja, halafu 0 toa 6 akaandika 6.

204: 0 toa 6 akaandika 0.

Njia ya kawaida ni kukopa mara mbili: mia moja inakuwa makumi 10, kisha moja ya hayo makumi inakuwa mamoja 10. Ni sahihi, ila juu ya namba panajaa vikato na tarakimu ndogondogo mpaka mtoto hazioni. Iliyo nyepesi ni kufunika tarakimu ya mwisho kwa kidole na kusoma kilichobaki: 40. Yaani 402 ni makumi 40 na mamoja 2. Kopa moja kwenye makumi 40, yanabaki makumi 39. Andika 39 juu ya 40 kwa mara moja. 12 toa 8 ni 4. 39 toa 16 ni 23. Jibu 234.

Kwa 1,000 − 376 kuna ya haraka zaidi. Punguza 1 pande zote mbili: 999 − 375. Hakuna kukopa hata mara moja, jibu 624. Ni kanuni ileile ya babu wa #3, ila kwa kupunguza badala ya kuongeza. Ifundishwe baada ya kuelewa 402, siyo kabla.

Na kabla ya hayo yote hakikisheni mtoto anaandika namba zenye sifuri anaposomewa. "Mia mbili na tano" wengine huandika 2005, kwa sababu wanasikia 200 kisha 5 na kuziweka bega kwa bega. Tengenezeni kadi tatu: 200 yenye upana wa nafasi tatu, 40 ya nafasi mbili, 5 ya nafasi moja. Zipandishwe juu ya nyingine upande wa kulia. 5 ikilala juu ya 200, sifuri ya mwisho inafunikwa na inasomeka 205. Akiiona mara chache, 2005 inaondoka.

#8 Daftari_Safi

Mnachanganua sana wakuu. Mimi naamini kwenye mazoezi. Hesabu 30 kila siku, wiki mbili, mtoto ameiva. Nadharia ni kwa walimu, mtoto anahitaji kurudia.

#9 Mwl_Mafungu

Mkuu, kurudia kunakaza kile mtoto anachokifanya. Anayepata 36 akifanya hesabu 30, amekosea mara 30, na kosa sasa lina mizizi. Mazoezi mengi ni ya mtoto ambaye tayari anakopa sawasawa na anatafuta kasi. Hapo nakubaliana nawe.

Kwa anayejifunza, sita zilizochaguliwa zinatosha, na mwalimu wa watoto 90 anaweza kuzisahihisha kweli. Mfano wa sita za siku moja:

63 − 29, ya kukopa ya kawaida.
75 − 32, haihitaji kukopa, ni ya kuona kama anakopa ovyo.
80 − 46, juu kuna sifuri. Akiandika 46, amegeuza.
41 − 38, makumi yanaisha. Jibu 3. Akiandika 17 amegeuza.
90 − 7, ya mpangilio. Akipata 20 ameiweka 7 chini ya 9.
Ya sita iwe fumbo la maneno.

Zote ziandikwe kwenye daftari la miraba, tarakimu moja kila mraba, na mraba mmoja mtupu juu kwa ajili ya kuandika kilichokopwa. Makosa mengi ya "uzembe" ni ya 7 iliyokaa chini ya safu isiyo yake.

#10 HesabuBara

Kuhusu mafumbo: msiwafundishe watoto kuwinda maneno. "Ukiona zaidi, jumlisha. Ukiona kubaki, toa." Ni mtego. Mpe hii: Asha ana maembe 42. Ana maembe 15 zaidi ya Juma. Juma ana maembe mangapi? Aliyefundishwa kuwinda maneno atasema 57. Jibu ni 27.

Afanye mambo mawili kabla ya kushika kalamu. Asimulie fumbo upya kwa maneno yake bila namba: "Asha amemzidi Juma." Kisha achore michirizi miwili, wa Asha mrefu na wa Juma mfupi, aandike 42 kwenye ule mrefu na 15 kwenye kipande kilichozidi. Mchoro wenyewe utamwambia atoe. Kulinganisha ni kugumu kuliko kuondoa, kwa sababu hakuna kitu kilicholiwa wala kuuzwa. Yapeni mafumbo ya kulinganisha nafasi yake, msiyarundike pamoja na yale ya "alikuwa na 42 akala 15".

#11 MzaziMakini

Na MAGAZIJUTO (Mabano, Gawanya, Zidisha, Jumlisha, Toa)? Kuna watoto wa madarasa ya juu wanaandika 20 − 8 + 5 = 7 na wanaapa ndivyo walivyofundishwa.

#12 HesabuBara

Ni matokeo ya kuikariri MAGAZIJUTO herufi kwa herufi. JU imetangulia TO, kwa hiyo mtoto anajumlisha 8 na 5 kwanza, 13, kisha 20 toa 13. Jibu sahihi ni 17. Kujumlisha na kutoa vina cheo kimoja, anayetangulia ni aliye kushoto. Kugawanya na kuzidisha navyo vina cheo kimoja, ila huko kutanguliza GA hakuharibu jibu: 6 × 8 ÷ 4 ukianza na 8 ÷ 4 au ukienda kutoka kushoto, zote 12. Ndiyo maana kosa halionekani mpaka tufike kwenye kutoa. Waandikie hivi ubaoni: MA / GAZI / JUTO, ngazi tatu, siyo tano.

#13 Ticha_GredaTatu

Swali la mwisho kwangu. Mtoto wa Darasa la Tano ambaye bado anageuza. Ukimletea vijiti anaona amerudishwa chekechea mbele ya wenzake. Mnamwanzishaje?

#14 Mwl_Mafungu

Mwalimu, usimpe 52 − 28. Mpe 5,200 − 2,800 kwa pesa za karatasi: noti 5 za elfu, sarafu 2 za mia. "Umlipe fundi 2,800." Anahitaji sarafu 8, anazo 2, lazima aende kuvunja elfu moja. Anabaki na noti 4 na sarafu 12. Analipa, zinabaki noti 2 na sarafu 4, yaani 2,400. Muundo ni uleule wa vijiti, lakini kazi ni ya mtu mzima na hakuna atakayemcheka.

Aandike kila hatua pembeni, kama kwenye #1. Akiziweza nne mfululizo, mpe 4,000 − 1,650, uongeze na sarafu za 50 ili zile sifuri zije kwa zamu. Jibu 2,350. Hapo akikwama, rudi kwenye kidole cha #7: afunike tarakimu mbili za mwisho, asome 40, aone ana mia 40 za kukopa.

Kisha kila jibu alihakiki kwa kujumlisha: alichobakiwa nacho na alicholipa virudi 5,200. Anayegeuza atakuwa ameandika 3,600. Akiijumlisha na 2,800 anapata 6,400, zaidi ya pesa aliyokuwa nayo. Mwache aikute mwenyewe hiyo tofauti.